"Waliweza kufariki": maneno na matamshi yanayotukera katika Kiswahili cha kila siku

Msikilizaji wa Asubuhi, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nina kero ambayo nimekaa nayo muda mrefu, na leo nimeona niilete kwenu kabla haijanigeuza kuwa mzee wa kununa. Mimi ni karani mstaafu wa mahakama. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuyaandika maneno ya mashahidi kama yalivyowatoka, bila kuongeza wala kupunguza, na huenda ndiyo sababu sikio langu halisamehe kwa urahisi. Kila asubuhi mimi na mama yangu, ambaye ana miaka 84, husikiliza taarifa ya habari redioni huku tukinywa chai. Majuma mawili yaliyopita mtangazaji alisoma habari ya basi lililopinduka usiku, akasema kwamba abiria watatu "waliweza kufariki papo hapo" na wengine saba "waliweza kujeruhiwa". Mama alikiweka kikombe chini, akanigeukia na kuniuliza, "Kwani walikuwa wakijaribu?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilihesabu neno hilo kwa vijiti vitano vitano, kama tulivyokuwa tukihesabu vielelezo. Katika taarifa moja ya dakika 10 nililipata mara 14: mgeni rasmi aliweza kuwasili, akaweza kupokelewa, wananchi wakaweza kumsikiliza, na mvua nayo ikaweza kunyesha. Aliyekuwa akiizuia mvua hiyo hakutajwa.

Sasa kila nikifungua sikio nasikia jingine. Kiongozi hasemi tena kwamba barabara itazinduliwa kesho, bali "tunaenda kuizindua". Wenyeviti na makatibu hawatajwi mpaka kwanza waitwe "viongozi, kwa maana ya wenyeviti na makatibu". Kila jambo huishia "mwisho wa siku", hata likiwa limetokea alfajiri. Kila kazi ni "zoezi". Fundi wa pikipiki yangu aliniambia kwa upole kwamba injini ilikuwa na "changamoto". Nilipomwomba afafanue, alisema imekufa.

Zaidi ya hayo kuna matamshi. Yupo jirani anayekwenda kupiga "kula" kila baada ya miaka 5, na yupo mhubiri anayetuonya kuhusu "zambi". Vijana wanasema "huwaga" na "sinaga", na karibu kila mtu, nikiwamo mimi nikisahau, anasema "masaa" badala ya "saa". Nilipomlalamikia mjukuu wangu, alinijibu, "Babu, lugha inakua." Nikamwambia kwamba hata jipu hukua.

Hata hivyo, jibu lake halikuniondoka. Swali langu kwenu ni hili: katika yote hayo, lipi ni kosa linaloharibu maana, na lipi ni kero ya umri wangu tu? Na mtu akitaka kumsahihisha mwenzake bila kumvunjia heshima, afanyeje?

Mhariri wa Zamu ya Usiku, Dar es Salaam

Mzee wangu Msikilizaji, shikamoo. Nimefanya kazi katika chumba cha habari kwa muda wa kutosha kuwa mmoja wa watuhumiwa, kwa hiyo nakiri kwanza kisha nieleze.

Ukiligusa neno "kuweza" kwa karibu, utaona kwa nini mtangazaji analipenda. Katika "waliweza kufariki", kitenzi "weza" ndicho kinachobeba nafsi na wakati, na kitenzi chenye habari kinabaki nyuma kikiwa na "ku-" tu. Maana yake ni kwamba msemaji anaweza kuanza sentensi kabla hajajua itaishia wapi: akishatamka "waliweza" amepata nusu sekunde ya kutafuta kitenzi chenyewe. Anayeripoti moja kwa moja kutoka uwanjani, vumbi likimwingia machoni, huishi kwa nusu sekunde kama hizo. "Tunaenda kuzindua" limejengwa kwa mbao zilezile, ingawa hapo kivuli cha Kiingereza kipo wazi zaidi, kwa sababu Kiswahili kina "-ta-" ambayo haijawahi kumlemea mtu yeyote. Shida huanza pale mazoea ya mdomoni yanapohamia kwenye maandishi, ambako hakuna anayekimbizwa, na mwandishi kijana huamini kwamba sentensi fupi, "abiria watatu walifariki", haina heshima ya kutosha kwa ajili ya msiba.

Neno "zoezi" nalo lina siri yake. Ukisema "zoezi la kubomoa vibanda lilifanyika jana", umesimulia ubomoaji wote bila kumtaja aliyebomoa wala aliyebomolewa. Ukisema "mgambo walibomoa vibanda vya mama lishe", kuna mtu atapiga simu chumba cha habari kabla ya saa sita. Nimeona "zoezi" likiingizwa kwenye habari kwa sababu hiyo hasa, na si kwa sababu ya udhaifu wa lugha. "Changamoto" ni binamu yake. Kwa asili ni jambo linalomchagiza mtu ajitahidi, na leo limekuwa blanketi la kufunikia upungufu, wizi, uzembe na, kama ulivyoona, injini iliyokufa.

Kuhusu "mwisho wa siku" sina utetezi wowote. Tunayo "hatimaye", "mwishowe" na "yote kwa yote", na zaidi ya hayo siku ya Mswahili huisha jua linapokuchwa na nyingine huanza papo hapo, ndiyo maana wazee wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Anayesema "mwisho wa siku tutashinda uchaguzi" ameniahidi ushindi kabla ya swala ya magharibi.

Nilipokuwa nikiwafundisha vijana, niliwaambia wafute kila "weza" kisha wasome tena. Maana ikibaki ileile, lisirudi. Likiwa limebeba kizuizi kilichoshindwa, kama vile waokoaji walioweza kumfikia mtoto kisimani baada ya saa nne za kuchimba, hapo lirudishwe kwa heshima zote, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Mchapaji wa Kadi, Mwanza

Mzee Msikilizaji ameuliza ni lipi linaloharibu maana. Mimi nina karakana ndogo ya uchapaji na nina ushahidi ulionigharimu fedha. Mteja alinisomea kwa simu maneno ya kadi ya harusi, kijana wangu akayachapa kama alivyoyasikia, na kadi 200 zikatoka zikiwa na mstari usemao "Mahari: Ukumbi wa Parokia, saa nane mchana." Mjomba wa bibi harusi alinipigia mwenyewe, kwa sauti ya utulivu kabisa, akataka kujua hatimiliki ya ukumbi huo itakabidhiwa lini kwa familia. Nilizichapa upya zote kwa gharama yangu. Kwa hiyo mimi r na l nazichukulia kwa uzito, ingawa nakubali kwamba kosa lilikuwa la kutosoma kabla ya kuchapa, wala halikuwa la ulimi wa mteja.

Mwana wa Mji wa Kale, Mombasa

Nawaamkia nyote. Nimesoma mjadala huu nikiwa na tabasamu, kwa sababu nyinyi wa bara mnalalamika juu ya kupotea kwa tofauti ya r na l, nasi huku tumekuwa tukilalamika juu yenu tangu zamani.

Mwenzangu, tamka "paa". Hapa kwetu paa la nyumba hutamkwa kavu, na paa wa porini hutamkwa kwa pumzi inayotoka mdomoni. Ukiweka kiganja mbele ya midomo utaihisi. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Pumzi hiyo si madoido. Ni alama ya n iliyokuwapo zamani mwanzoni mwa majina ya ngeli ya N, kama paa huyo wa porini, ikamezwa. Maandishi sanifu hayana alama yake, shule haziifundishi, na wengi wenu hamjawahi kuisikia. Bibi yangu alikuwa akiwasikia wasomaji wa habari wa Nairobi akisema kwamba hajui kama nyumba imeezuliwa paa au imetorokwa na paa. Kwa kipimo chake, wewe uliyeleta swali, karani wa kuhesabu vijiti, pamoja na wenzako wa bara, mnasema vibaya kila siku na hamjui.

Tena hayo ni matokeo ya uamuzi wa mezani. Mkutano uliofanyika hapa Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Tangu hapo "mato" yetu, "nti" yetu na "ndia" yetu yakawa lahaja, na "macho", "nchi" na "njia" yakawa usahihi. Sina kinyongo; naeleza tu kwamba usiku mmoja mtu alilala akiwa msemaji fasaha akaamka akiwa na matamshi ya kuchekwa.

Kuhusu l, hebu tusikilize maneno yenyewe yanavyotusuta. Twasema "fungua" lakini "funguliwa", "nunua" lakini "nunulia", "chukua" lakini "chukuliwa". Hiyo l inayojitokeza katika mnyambuliko ni ya asili, ilianguka katikati ya irabu mbili. Kichewa, lugha ya Kibantu ya Malawi, bado kinasema "njala" na "mvula" pale tunaposema "njaa" na "mvua". Bila shaka alikuwapo mzee pwani hii aliyewasikia vijana wakisema "mvua", akasema kwamba watoto wa siku hizi wana uvivu wa ulimi. Na "khabari" je? Vitabu vya zamani viliiandika kwa kh, na leo anayekereka kwa "zambi" huandika "habari" bila hata kuona aibu, ilhali sauti zote mbili tulizipokea pamoja na maneno ya Kiarabu.

"Masaa" nalipinga kwa mdomo na kulitumia nikisahau, kama wewe. Ni neno la Kiarabu lililokaa katika ngeli isiyobadilika, kisha watu wakalivalisha "ma-". Lakini "kitabu" pia ni neno la Kiarabu, na "ki-" yake haikuwa kiambishi hata kidogo. Wazee wetu wakaidhania ni ngeli ya kiti na viti, wakazaa "vitabu". Ndivyo Watanzania walivyopata "vipilefti" barabarani, kutoka "keep left" ya Kiingereza, na "digadi" moja kutoka kwa "madigadi" ya baiskeli, yaani "mudguard". Asiyetaka "masaa" kwa hoja ya asili, na atuombe radhi kwanza kwa "vitabu".

Msidhani, hata hivyo, kwamba nakubali kila kitu. Mtu akisema "nyimbo hii" na "funguo yangu" kichwa huniuma, kwa sababu umoja wake, "wimbo" na "ufunguo", upo, uko hai na haujamkosea mtu.

Mkalimani wa Maziwa, Goma

Wakubwa kwa wadogo, nawasabahi. Nilizaliwa Goma, nikasoma Mwanza, nikafanya kazi Kisumu, kwa hiyo juu ya "-ga" naomba nafasi.

Mzee Msikilizaji ameiweka miongoni mwa mambo ya vijana, lakini hii ni ya kale kuliko sisi sote. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaihesabu kuwa urithi wa lugha mama ya kundi zima, kiambishi kilichokuwa kikikaa mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo linaloendelea au la mazoea. Kisukuma na Kinyamwezi walikihifadhi. Kiswahili cha pwani kilikipoteza, kikatumia "hu-". Msemaji wa bara alipojifunza Kiswahili alikirudisha mahali pake pa zamani. Ndiyo maana Mwanza nilisikia "anapendaga", Kisumu nikasikia "anakujanga", na nyumbani kwetu mashariki ya Kongo tunasema "banasemaka". Ni mlango mmoja uliopakwa rangi tatu.

Nitasema jambo litakalowaudhi walimu: wakati mwingine inafanya kazi kuliko "hu-". Ukiniambia "hulala saa tatu", sijui ni wewe, mkeo au mlinzi, kwa sababu "hu-" haibebi nafsi, nawe lazima unitajie mtendaji. "Nalalaga saa tatu" imebeba vyote ndani ya neno moja. Hata hivyo "huwaga" ni sawa na kuvaa mikanda miwili, kwa kuwa mazoea yametajwa mwanzoni na mwishoni, na "sinaga" imening'inizwa pasipo na mzizi wa kitenzi wa kuishikilia. Katika kazi yangu ya ukalimani situmii hata mojawapo. Nikiwa na mama yangu kwenye simu natumia zote, na kama ningeacha angeniuliza nimekasirika nini.

Kinachonikera mimi ni kingine: watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaotusikia Wakongo, wakacheka, kisha wakatujibu kwa Kiingereza. Nilikwenda kununua tiketi ya basi katika kituo kimoja, nikasema sentensi nzima ya Kiswahili, na karani akamwita mwenzake aje anitafsirie. Mwenzake alipokuja alinirudishia maneno yangu yaleyale, neno kwa neno, ila taratibu zaidi.

Mwalimu wa Darasa la Tano, Iringa

Nitajibu sehemu ya mwisho ya swali tu, kwa kuwa mengine yamejibiwa na wanaoyajua. Mtoto akiniambia, "Mwalimu, nimesahau karamu yangu nyumbani," simwambii kwamba amekosea. Namwuliza, "Kalamu yako umeiacha mezani au kwenye begi?" naye hujibu kwamba kalamu ameiacha mezani. Mara nyingi haoni hata kilichotokea. Zamani nilikuwa nikiwasahihisha mbele ya darasa, na matokeo yake ni kwamba mtoto mmoja, mwenye akili nyingi, aliacha kunyoosha mkono kwa muhula mzima. Sikujua sababu mpaka mama yake aliponieleza siku ya wazazi.

Kwa mtu mzima sisahihishi kabisa, isipokuwa akiniomba au akiwa anaandika kitu kitakachochapishwa. Ndugu Mchapaji atanielewa.

Msikilizaji wa Asubuhi, Morogoro

Wanajukwaa, nimewasoma nyote, wengine mara mbili. Ndugu Mwana wa Mji wa Kale, jana nilikaa mbele ya kioo na kiganja changu mdomoni nikitamka "paa" na "paa" mpaka mjukuu wangu akaja kuniangalia kama ni mzima. Sikuihisi tofauti hata mara moja. Kwa hiyo jirani yangu aendelee kupiga kula yake. Nitamwelewa, na kama siku hiyo atapika, nitakwenda vilevile. Ndugu Mkalimani, karani yule wa basi angekuja mahakamani kwetu angelipia faini.

"Waliweza kufariki" sitalisamehe. Mhariri amenipa kipimo, nami nimekijaribu juu ya vijiti vyangu 14: vilibaki viwili tu vyenye haki ya kuwapo, na kimoja kilikuwa cha timu iliyotoka nyuma ikasawazisha. Nimeandika barua yenye adabu kwa kituo chenyewe, nikiwa nimeisoma mara tatu kuhakikisha kwamba mimi mwenyewe sikuweza kuweza popote.

Nina habari moja ya kuongeza, nami hapa natumia neno lile kwa makusudi. Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwezi uliopita, na juzi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, aliweza kusoma gazeti. Alilishika kwa mikono miwili karibu na dirisha, akapita polepole juu ya kichwa kikubwa cha ukurasa wa kwanza kwa kidole: "SWALA LA MAJI LAWAKUTANISHA VIONGOZI." Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Wamesali lini kuomba mvua? Mbona sisi hatukuitwa?"